Nyaraka za U-Boot kuhusu bodi yako: jinsi ya kuziapdeti mwanzo mpaka mwisho

Kuna usiku mmoja nilikaa na bodi mpya mezani kuanzia saa mbili mpaka karibu saa saba, kebo ya siriali imechomekwa, taa ya umeme inawaka, na kwenye skrini zinatokea alama mbili tatu za ajabu afu kimya. Nikabadilisha kadi ya SD mara tatu, nikakompaili upya, nikabadilisha waya, nikaanza kuamini bodi imekufa. Kumbe ukurasa niliokuwa naufuata ulisema spidi ya siriali ni 115200 wakati bodi ile inaongea kwa 1500000. Namba moja tu. Aliyeandika alichukua ukurasa wa bodi nyingine akabadilisha jina, na ile namba ikabaki vilevile. Tangu siku hiyo kila bodi inayopita mikononi mwangu naangalia nyaraka zake zinasema nini, nikikuta kosa narekebisha, na hapa nakupa njia nzima ninayoifuata.

Nitazungumzia U-Boot kwa sababu ndo butiloda ya bure inayotumika kwenye bodi nyingi zaidi za ARM na RISC-V, ndo programu inayoamka kabla ya kerneli (moyo wa mfumo endeshi kama Linux), inawasha RAM, inatafuta kadi au diski, inapakia kerneli na kuikabidhi mashine. Ilitokana na mradi wa PPCBoot wa Wolfgang Denk, jina likabadilika 2002, na leo ina mamia ya bodi ndani yake. Hakuna mtu mmoja mwenye bodi zote hizo. Kwa hiyo ukurasa wa bodi yako unaweza kurekebishwa vizuri na mtu mwenye bodi hiyo mezani, yaani wewe, na huhitaji kujua C kabisa kwa kazi hii.

Kwanza tafuta kilichokwisha kuandikwa

Chukua ripo nzima, yaani hazina ya kodi ya mradi:

```
git clone https://source.denx.de/u-boot/u-boot.git
cd u-boot
git grep -n -i rock5b -- doc board configs
```

Mi nimeweka rock5b kama mfano, we weka jina la bodi yako. Usitafute kwa jina la dukani peke yake, tafuta pia kwa jina la chipu na jina la defconfig (faili ya usanidi wa bodi), manake kurasa nyingi hazitaji jina lililoandikwa kwenye boksi. Kurasa za kisasa zinakaa `doc/board/` na ndani yake kuna folda za watengenezaji, ila angalia hapa watu wengi wanapotea: folda inaweza kuwa ya mtengenezaji wa chipu, sio wa bodi. Bodi kibao za Radxa na Pine64 utazikuta zimeorodheshwa kwenye `doc/board/rockchip/rockchip.rst` kwa sababu chipu ni ya Rockchip. Usipoangalia huko utaandika ukurasa mpya kumbe upo tayari, na sasa bodi moja ina maelezo mawili yanayopingana.

Tafuta pia faili za zamani zinazoanza na README ndani ya `doc/` na `board/`. Zamani kila kitu kilikuwa maandishi ya kawaida kwenye README, afu mradi ukaanza kuhamia kwenye muundo wa reStructuredText, ile yenye faili za `.rst`, na bado kuna README ambazo hazijahamishwa. Ukikuta ya bodi yako, kuihamisha ni kazi nzuri sana ya kuanzia, lakini usiihamishe kwa kukopi na kubandika, kila amri iliyomo uipitie kwenye bodi kwanza.

Ukishapata faili, soma historia yake:

```
git log --follow --format='%h %ad %s' --date=short -- doc/board/rockchip/rockchip.rst
```

Ukiona mistari kuhusu bodi yako iliguswa mara ya mwisho miaka mitano iliyopita, chukulia kwamba hakuna hata neno moja la kuaminiwa mpaka ulitesti mwenyewe.

Kompaili U-Boot ya mradi wenyewe, iwe safi

Hii ni hatua watu wanairuka na ndo inaharibu kila kitu kinachofuata. Bodi nyingi zinakuja na U-Boot ya mtengenezaji wa chipu, ambayo ni tawi lao lililoachana na mradi muda mrefu, ile ya Rockchip kwa mfano imejengwa juu ya toleo la 2017.09. Kitu kikifanya kazi humo hakikuambii lolote kuhusu U-Boot ya mradi. Unachoandika kwenye nyaraka za mradi lazima kiwe kimetokea kwenye kodi ya mradi, basi.

Matoleo ya U-Boot yanaitwa kwa mwaka na mwezi, utaratibu ulioanza na 2008.10, na siku hizi yanatoka kila baada ya miezi mitatu, Januari, Aprili, Julai na Oktoba. Mi huwa natesti toleo la mwisho lililotoka pamoja na tawi la `master`, kwa sababu wasomaji wengi watachukua toleo lililotoka, ila pachi yako (faili ya mabadiliko unayoutumia mradi) itaingia kwenye `master`.

Mfano wa bodi yenye chipu ya RK3588:

```
export BL31=/njia/ya/bl31.elf
export ROCKCHIP_TPL=/njia/ya/ddr.bin
make rock5b-rk3588_defconfig
make CROSS_COMPILE=aarch64-linux-gnu- -j8
```

Hizo mbili za juu ni faili ambazo hazimo ndani ya U-Boot, ya kwanza inatoka kwenye TF-A (Trusted Firmware-A, mradi mwingine wa programu za chipu za ARM) au kwa mtengenezaji, ya pili ni ile inayowasha RAM. Ziandike jina kamili na toleo kwenye daftari lako sasa hivi. Bodi inaweza kubuti vizuri na faili ya RAM ya toleo moja na ikagoma na nyingine, na msomaji akikosa hiyo taarifa atalaumu U-Boot bure.

Ukimaliza kukompaili, usiguse kodi. Kuna sababu, utaiona kwenye logi.

Shika logi nzima kuanzia umeme unapoingia

Chomeka kebo ya siriali, fungua teminali kwa spidi sahihi, washa kurekodi, NDIPO uwashe bodi. Spidi usiibahatishe, ipo kwenye defconfig au kwenye usanidi uliotengenezwa:

```
grep BAUDRATE .config
```

Afu tazama mistari ya kwanza kabisa kwa makini, kwa sababu hapa pana mtego ambao umeshawaingiza watu wengi waangalifu. Utaona kitu cha aina hii:

```
U-Boot SPL 2024.07 (...)
Trying to boot from MMC1
...
U-Boot 2024.07 (...)
```

SPL ni kipande kidogo kinachotangulia, kwenye bodi nyingi ndo kinawasha RAM (kwenye mfano wetu kazi hiyo inafanywa na ile faili ya ROCKCHIP_TPL), afu kinapakia U-Boot yenyewe. Mistari miwili inayotaja toleo lazima ilingane, toleo na tarehe ya kukompaili. Isipolingana maana yake SPL imetoka sehemu moja, labda eMMC (hifadhi iliyogandishwa kwenye bodi) yenye butiloda ya zamani, na U-Boot imetoka kwenye kadi yako mpya. Chipu ina mpangilio wake wa kutafuta butiloda uliochomwa kiwandani kwenye BootROM, na kwenye chipu kadhaa fleshi ya SPI (chipu ndogo ya hifadhi) na eMMC zinaangaliwa kabla ya kadi ya SD. Kwa hiyo we unadhani unatesti kadi, kumbe unatesti kitu kilichoandikwa na mtu mwingine mwaka juzi. Nilishawahi kuona jedwali zima la vifaa vinavyofanya kazi ambalo lilitokana na hali hiyo, kila mstari wake ulikuwa ni kweli kwa butiloda nyingine.

Sasa ile sababu ya kutogusa kodi. Ukikompaili kutoka kwenye ripo ya git, jina la toleo linabeba mkia, kama `2024.07-00012-g` na herufi za komiti (badiliko moja lililohifadhiwa kwenye git), maana yake komiti 12 baada ya toleo lile. Ukiwa umebadilisha faili yoyote bila kukomiti, mwishoni inaongezeka `-dirty`. Logi yenye `-dirty` usiitumie kama ushahidi, hata kama ulichobadilisha ni kidogo, kwa sababu hakuna mtu mwingine anayeweza kuirudia.

Testi kifaa kimoja kimoja

Simamisha bodi kabla haijaendelea kubuti, ufike kwenye mstari wa kuandikia amri. Anza na hizi:

```
version
bdinfo
dm tree
```

`bdinfo` itakuonyesha RAM imeonekana kiasi gani, linganisha na kilichoandikwa kwenye bodi. `dm tree` inachapa mti wa draiva zote, na kuna safu yenye mabano ya mraba. Mbele ya kifaa ambacho draiva yake imeamka utaona `[ + ]`, na ambacho kimetajwa tu ila hakijaamshwa mabano ni matupu. Hapa ndo pa kukaa kidogo. Kifaa kuonekana kwenye mti kunamaanisha tu kwamba kimetajwa kwenye maelezo ya vifaa vya bodi na kuna draiva inayolikubali jina lake, haimaanishi kinafanya kazi. U-Boot kwa kawaida haiamshi draiva mpaka ihitajike, kwa hiyo mabano matupu nayo sio ushahidi wa ubovu. Ushahidi ni kukitumia.

Kadi na eMMC: `mmc list`, afu `mmc dev` na namba, `mmc info`, na muhimu zaidi soma faili halisi kutoka humo. USB: `usb start` na `usb tree`, ukiwa na fleshi imechomekwa kwenye kila tundu moja baada ya jingine, manake bodi yenye matundu manne inaweza kuwa na mawili yanayofanya kazi na mawili hapana, hasa yale ya USB 3 na la USB-C. Mtandao wa waya: `dhcp`, halafu vuta faili kubwa kidogo, sio `ping` peke yake, kwa sababu mtandao wenye mpangilio mbaya wa muda unaweza kupitisha vipande vidogo na kukwama kwenye vikubwa. Fleshi ya SPI: `sf probe`. NVMe: `nvme scan` na `nvme info`, kwenye bodi nyingine utaanza na `pci enum`.

Ukipata jibu `Unknown command`, usiandike kwamba kifaa hakifanyi kazi. Andika kwamba amri haijawashwa kwenye defconfig. Ni tofauti kubwa, ya kwanza mtu anakata tamaa, ya pili mtu anajua cha kuwasha.

Testi kila kitu mara mbili: mara moja baada ya kuchomoa umeme kabisa ukasubiri kidogo, mara ya pili baada ya amri ya `reset`. Kuna vifaa vinavyoamka vizuri kwa sababu tu kerneli ilishaviamsha kabla ya kureset, umeme ukikatika kweli vinagoma. Na kinyume chake pia kipo, kadi ya SD ambayo kerneli iliipeleka kwenye volti ya chini kwa ajili ya spidi kubwa, afu bodi isiporudisha umeme wa kadi wakati wa kureset, SPL haiisomi tena. Ukiona hivyo ni taarifa ya dhahabu, iandike.

Mwisho acha bodi ibuti mfumo mzima mpaka mwisho. Kwenye bodi zilizohamia utaratibu mpya wa kubuti (standard boot), `bootflow scan -lb` itaonyesha kila sehemu inayotafuta na ilichokipata.

Vitu vinavyochakaa kwenye kurasa za zamani

Kabla hujaandika, pitia ukurasa uliopo ukitafuta haya hasa, kwa sababu kodi imebadilika sana na kurasa hazikufuata.

Kwenye Rockchip, kurasa za zamani zinakwambia uandike faili mbili, `idbloader.img` kwenye sekta ya 64 na `u-boot.itb` kwenye sekta ya 16384. Bado inawezekana, lakini siku hizi inatoka faili moja iliyounganishwa:

```
sudo dd if=u-boot-rockchip.bin of=/dev/sdX seek=64
sync
```

Sekta 64 za baiti 512 ni KiB 32. Hiyo namba mweleze msomaji, usimwachie `seek=64` peke yake, kwa sababu siku mtu akiongeza `bs=1M` kwenye amri ili iende haraka, faili itaandikwa MiB 64 mbele na bodi haitaamka, na hatajua kwa nini. Pia usihamishe namba kutoka chipu moja kwenda nyingine: chipu nyingi za Allwinner zinasoma KiB 8, i.MX6 inasoma KiB 1. Na kwa Allwinner kuna la kuonya, KiB 8 ni sekta ya 16, na jedwali la kawaida la GPT, lile linaloorodhesha sehemu za diski, linachukua mpaka sekta ya 33, kwa hiyo butiloda na GPT vinakanyagana. Ukurasa unaosema andika hapa bila kutaja hilo unamfutia mtu sehemu za diski yake.

Kingine ni amri kama `run bootcmd_mmc0` au `run distro_bootcmd`. Zilitoka kwenye utaratibu wa zamani wa kubuti, na bodi ikishahamia utaratibu mpya hazipo tena, msomaji anapata kosa la kigezo kisichojulikana. Angalia kwa `printenv` kwenye bodi yako zipo au hazipo.

Na njia za faili za maelezo ya vifaa, zile za `.dts`. Zamani zilikuwa zote chini ya `arch/arm/dts/`, ila kuanzia 2024 bodi nyingi zinachukua moja kwa moja zile zinazotoka upande wa kerneli, zinakaa `dts/upstream/`. Ukurasa ukitaja njia ya zamani hakikisha faili bado ipo pale.

Sasa andika

Kurasa ni za Kiingereza, hilo halina jinsi, ila sentensi fupi zinatosha kabisa, na mi naona watu ambao Kiingereza sio lugha yao ya kwanza mara nyingi wanaandika hatua zinazoeleweka zaidi. Kama ni ukurasa mpya, anza hivi:

```
.. SPDX-License-Identifier: GPL-2.0+

Jina la Bodi
============

Building
--------

.. code-block:: bash

    export BL31=/path/to/bl31.elf
    make jina-la-bodi_defconfig
    make CROSS_COMPILE=aarch64-linux-gnu-
```

Mstari wa leseni hauachwi. Mistari ya chini ya vichwa iwe na urefu sawa na kichwa au zaidi, ikipungua utapata onyo. Baada ya `code-block` acha mstari mtupu afu usogeze maandishi ndani, ukisahau huo mstari mtupu amri zako zitapotea au zitachapwa kama aya.

Mpangilio ninaoupenda unafuata mikono ya msomaji: bodi ni ipi na ina chipu gani na RAM kiasi gani, faili za nje zinapatikana wapi na za toleo gani, kukompaili, siriali iko pini zipi na spidi gani na VOLTI gani, kuandika kwenye kadi, kuandika kwenye eMMC au SPI, kisha hali ya vifaa, kisha jinsi ya kuokoa bodi. Volti nimeiweka kwa herufi kubwa makusudi. Kebo ya siriali ya volti 5 kwenye pini za volti 3.3 au 1.8 inaweza kuua chipu, na haifufuki.

Sehemu ya kuokoa bodi iweke kabla mtu hajaambiwa aandike SPI, au angalau iunganishwe hapo kwa onyo. Kwenye Rockchip kuna hali ya maskrom na programu ya `rkdeveloptool`, Allwinner wana FEL na `sunxi-fel`, i.MX wana hali ya kupakua kwa USB na programu inaitwa `uuu`. Eleza kitufe kiko wapi kwenye bodi hiyo, kibonyezwe kabla ya umeme au baada, na kompyuta itaona nini ikifanikiwa. Mistari minne tu inamwondolea mtu hofu yote.

Kwenye amri za `dd` andika `/dev/sdX`, usiandike `/dev/sda` hata kidogo. Kuna mtu atakopi, na `sda` yake ni diski ya kompyuta.

Sasa hali ya vifaa. Neno moja "supported" halina maana kwa mtu mwenye shida. Mi natumia hali nne: kinafanya kazi, kinafanya kazi kwa sharti fulani, hakifanyi kazi, hakijatestiwa. Hiyo ya nne ndo watu wanaogopa kuiandika, wanaona aibu, wakati ndo inayomsaidia anayefuata, inamwambia hapa hakuna aliyefika. Bodi yangu ikiwa haina diski ya NVMe ninaandika haijatestiwa, sikisii kwa sababu bodi ndugu yake inafanya kazi. Na kila jedwali nalitaja toleo la U-Boot na marudio ya bodi, ile namba ndogo iliyochapwa kwenye ubao kama v1.2 au v1.42, kwa sababu kati ya marudio mawili kiwanda kinaweza kubadilisha chipu ya mtandao na jina la bodi likabaki lilelile.

Fikiria tofauti ya mistari hii miwili. Wa kwanza: Ethernet works. Wa pili: Ethernet works with 2024.07 on board v1.42, tested with dhcp and a 30 MiB tftp transfer, after cold boot only. Wa pili ni mrefu, unaonekana umechafuka kidogo, lakini mtu aliyekwama usiku anaweza kuufanyia kazi.

Picha za skrini usiweke, weka maandishi ya logi, na logi uifupishe ibaki mistari inayomsaidia mtu kutambua kama yuko sawa. Maneno kama "kwa sasa" au "hivi karibuni" yaondoe yote, mwaka ujao hayatakuwa na maana, weka namba ya toleo badala yake.

Ukurasa mpya uongezwe kwenye `index.rst` ya folda ile, chini ya `toctree` (orodha ya kurasa), vinginevyo upo ila hakuna mlango wa kuufikia. Kama ni bodi tu inaongezwa kwenye orodha ya Rockchip, tafuta chipu yake, weka jina na defconfig kwenye mabano kama wenzake, fuata mpangilio uliopo.

Na fungua faili ya MAINTAINERS ya bodi hiyo. Kama ukurasa wako hautajwi humo, ongeza mstari unaoanza na `F:` na njia ya faili yako ya `.rst`. Mstari mmoja huo unafanya mtunzaji wa bodi apelekewe taarifa kila mtu anapogusa ukurasa, na kwa maoni yangu kukosekana kwake ndo sababu kubwa ya kurasa kuoza kimyakimya.

Jenga kurasa uzione

```
python3 -m venv ~/doki
. ~/doki/bin/activate
pip install -r doc/sphinx/requirements.txt
make htmldocs KDOC_WERROR=1
```

Hiyo ya mwisho inageuza kila onyo kuwa kosa, ni bora ulikute wewe kabla mashine za mradi hazijalikuta. Matokeo yako `doc/output/`, fungua kwa brauza usome ukurasa wako wote kwa macho. Afu fanya kitu kimoja zaidi: chukua kadi tupu, fungua teminali mpya, na ufuate ukurasa wako kwa kukopi amri kutoka kwenye brauza, bila kuongeza chochote kutoka kichwani. Karibu kila mara nakuta kitu nimekiruka, kigezo nilikuwa nimeshakiweka kwenye teminali ya zamani, au kifurushi nilichokisanikisha miezi iliyopita.

Kukomiti na kutuma

U-Boot inapokea pachi kwa barua pepe, kwa hiyo ukizoea kubonyeza kitufe kwenye tovuti itabidi ujifunze kidogo, ila ukishaiweka sawa mara moja imeisha.

```
git checkout -b nyaraka-bodi
git add doc/board/...
git commit -s
git format-patch -1
./scripts/checkpatch.pl 0001-*.patch
./scripts/get_maintainer.pl 0001-*.patch
```

Ile `-s` inaweka mstari wa Signed-off-by wenye jina lako, bila huo pachi haipokelewi. Kichwa cha komiti kifuate mtindo uliopo kwenye historia, kinaanza na `doc:` afu jina la sehemu, afu ulichofanya. Kwenye mwili andika KWA NINI: ukurasa ulisema nini, bodi ilifanya nini, ulitesti kwa toleo gani. Mistari miwili mitatu. Mabadiliko tofauti yawe komiti tofauti, kurekebisha spidi ya siriali ni moja, kuongeza jedwali la vifaa ni nyingine, kwa sababu ya kwanza inaweza kukubaliwa leo wakati ya pili bado inajadiliwa.

Tuma kwa `git send-email`, kwenda `u-boot@lists.denx.de`, na nakala kwa watu ambao `get_maintainer.pl` imekutajia. Usibandike pachi kwenye barua pepe ya kawaida, programu nyingi za barua zinakata mistari na kubadilisha tabo kuwa nafasi, na pachi inaharibika njiani.

Majibu yanaweza kuchukua siku au wiki. Mtu akikuuliza "ulitesti kwenye marudio gani" sio kwamba anakukatalia, anataka hilo liandikwe, kwa hiyo usimjibu kwa barua tu, liingize kwenye pachi. Jibu chini ya kila hoja yake, rekebisha, tuma toleo la pili:

```
git format-patch -v2 -1
```

Chini ya ule mstari wa `---` andika kilichobadilika tangu la kwanza. Kama mtu ametoa Reviewed-by au Tested-by (mstari wa kusema amepitia au ametesti), ibebe kwenye komiti yako, isipokuwa ukiwa umebadilisha sana alichokipitia. Wiki mbili zikipita kimya, uliza kwa upole kwenye barua ileile, pachi za nyaraka zinasahaulika kirahisi kwa sababu hazivunji kitu.

Ikishaingia

Hifadhi logi zako zote kwenye folda moja yenye jina la bodi, marudio na toleo. Matoleo ya majaribio yenye `-rc` yanapoanza kutoka, chukua moja, kompaili, rudia testi zilezile, inachukua kama saa moja ukiwa na orodha. Kitu kilichokuwa kinafanya kazi kikiacha, toa taarifa mapema toleo halijatoka, ukiwa na logi mbili mkononi, ya zamani na mpya, na hapo `git bisect`, amri ya kutafuta komiti iliyoharibu kwa kugawanya historia nusu kwa nusu, itakupeleka mpaka komiti iliyohusika. Kitu kilichokuwa hakifanyi kazi kikianza kufanya kazi, badilisha ule mstari mmoja kwenye jedwali, pamoja na namba ya toleo, utume.